James Murray, Mtunga Kamusi

1. Mtoto wa Mshona Nguo

Katika nchi ya Uskoti, upande wa kusini, kipo kijiji kidogo kiitwacho Denholm. Humo ndimo alimozaliwa James Murray, tarehe 7 Februari mwaka 1837. Baba yake alikuwa mshona nguo, mtu mwenye bidii na heshima, lakini hakuwa na mali.

Tangu utoto wake James alitaka kujua kila kitu. Aliokota mawe, akachunguza majani na maua, akatazama nyota. Lakini zaidi ya yote alipenda maneno. Alipoona kitabu cha lugha asiyoijua, hakukiweka chini mpaka amejaribu kukifahamu. Husimuliwa kwamba alijaribu hata kuwafundisha ng'ombe kuitika majina ya Kilatini. Siku nyingine alitaka kujifundisha kuogelea. Akafunga matita ya majani ya mtoni mikononi mwake, akidhani yatamweleza juu ya maji. Matita yakaelea, lakini yeye akapinduka, na kama rafiki zake wasingalimvuta hata ukingoni, angalikufa maji.

Alipokuwa na umri wa miaka 14 ilimpasa kuacha shule, kwa sababu wazazi wake hawakuweza kumlipia masomo zaidi. Watoto wengi wa hali yake waliishia hapo. James hakuishia. Aliendelea kusoma peke yake, akajifundisha Kilatini, Kifaransa, Kijerumani, Kitaliano na Kiyunani. Alipopata miaka 17 alifanywa mwalimu msaidizi katika mji wa Hawick, karibu na kwao. Alipotimiza miaka 20 alikuwa mwalimu mkuu wa shule nyingine katika mji ule ule.

2. Huzuni na Safari ya London

Mwaka 1862 alimwoa Maggie Scott, mwalimu wa muziki. Wakapata mtoto wa kike, lakini mtoto yule alikufa angali mchanga. Kisha mama naye akapatwa na ugonjwa wa kifua kikuu. Waganga wakasema kwamba baridi ya Uskoti itamwua, na ya kuwa yafaa apelekwe kusini katika nchi zenye joto. Mwalimu hakuwa na fedha za safari kubwa kama hiyo. Akaacha shule yake aliyoipenda, akahamia London pamoja na mkewe, akapata kazi ya ukarani katika benki. Walakini haikufaa kitu. Maggie akafa mwaka 1865.

Mwaka 1867 Bwana Murray alioa mara ya pili. Mkewe aliitwa Ada Ruthven, naye alikuwa msaidizi wake hodari muda wote wa maisha yake. Walijaliwa watoto 11. Mwaka 1870 Bwana Murray akarudia kazi ya ualimu katika shule ya Mill Hill, karibu na London. Huko alikaa kwa furaha, akafundisha mchana, na usiku akaandika kitabu juu ya lugha ya watu wa kwao. Wataalamu walikisoma kitabu hicho, wakatambua kwamba mwana wa mshona nguo ameijua lugha kuliko wengi waliosoma katika vyuo vikubwa.

3. Kazi Isiyotakiwa na Mtu

Yapata mwaka 1857 chama cha wataalamu wa lugha katika London kiliazimia kutunga kamusi mpya ya Kiingereza. Zilikuwako kamusi nyingine zamani, lakini hii ilitakiwa iwe na kila neno, pamoja na habari zake tangu lilipoandikwa mara ya kwanza: lilitoka wapi, lilikuwa na maana gani hapo kale, na maana hiyo iligeuka lini.

Msimamizi wa kwanza, Herbert Coleridge, alikufa mwaka 1861 akiwa kijana wa miaka 30. Wa pili, Frederick Furnivall, alikuwa mtu mchangamfu, lakini mambo yake yalikuwa mengi. Kazi ikalegea, na wasaidizi wengi wakachoka wakaenda zao. Ndipo wataalamu wakamwendea mwalimu wa Mill Hill. Tarehe 1 Machi mwaka 1879 Bwana Murray alitia sahihi mapatano na wachapaji wa Chuo Kikuu cha Oxford. Aliahidi kuimaliza kamusi kwa miaka 10, katika vitabu vinne vyenye kurasa 7,000. Hakujua kwamba siku ile alikuwa ametia sahihi kazi ya maisha yake yote.

4. Nyumba ya Mabati

Bwana Murray alijenga nyumba ndogo ya mabati mbele ya nyumba yake. Akaiita Scriptorium, maana yake kwa Kilatini ni mahali pa kuandikia. Kutani alitengeneza mashubaka 1,029 ya kuwekea karatasi. Kisha mizigo ya Furnivall ikaanza kufika. Ilikuwa karatasi ndogo ndogo zenye uzito wa karibu tani mbili, zimejazwa katika magunia na masanduku. Katika gunia moja alikutwa panya aliyekufa. Karatasi za herufi H zilikuwa mbali katika mji wa Florence, katika nchi ya Italia. Nyingine za herufi P zilipatikana katika zizi la farasi huko Ireland, na sehemu yake ilikwisha kutumiwa kuwashia moto.

Bwana Murray hakukata tamaa. Aliandika tangazo kwa watu wote wasomao Kiingereza, akawaomba wamsaidie. Kila msaidizi alipewa vitabu vya kusoma. Alipokuta neno la kufaa, alichukua kipande cha karatasi, akaandika neno lile juu, upande wa kushoto. Chini yake aliandika mwaka, jina la mtungaji, jina la kitabu, na sentensi yenyewe. Vipande hivyo vilikuja kwa posta kila siku, maelfu kwa maelfu. Watoto wa Murray walivipanga kwa utaratibu wa herufi, wakapata senti za kununulia vitu vyao. Wasaidizi walivigawa tena kwa maana, kisha kwa miaka, kile cha zamani kikawa cha kwanza. Baada ya hayo Bwana Murray mwenyewe aliketi, akavisoma, akapima, akaandika maana ya neno.

Sehemu ya kwanza ya kamusi ilitoka mwaka 1884. Ilikuwa na kurasa 352. Miaka mitano ilikwisha kupita, na sehemu ile ilianza na A ikakoma kwenye Ant! Wachapaji wakaingiwa na hofu. Wakamhimiza aende mbio, apunguze mifano, asijali sana habari za kale. Bwana Murray alijua kwamba akikubali, fedha zitapatikana upesi na lawama zitakoma. Lakini alijua pia kwamba kamusi isiyoweza kutegemewa ni sawa na mizani ya mwongo. Akakataa kuharakisha kwa kuharibu. Mwaka 1885 akaacha ualimu kabisa, akahamia Oxford, ili siku zake zote ziwe za kamusi.

Huko akajenga nyumba nyingine ya mabati bustanini. Kwa sababu jirani yake hakutaka kuiona, sehemu yake ilizamishwa ardhini. Ilikuwa na baridi na unyevu, hata wakati wa kipupwe mwenye kazi aliketi amevaa koti zito. Barua zake zilikuwa nyingi mno, hata Posta wakasimamisha sanduku la barua nje ya nyumba yake.

5. Namna ya Kufungua Neno Refu

Wanafunzi wengi huyaogopa maneno marefu ya Kiingereza, kama mtu aogopavyo msitu usio na njia. Bwana Murray hakuyaogopa, maana alijua kwamba neno refu ni vipande vifupi vilivyoshikamana. Msemaji wa Kiswahili ajua jambo hili tangu utoto wake. Akisema hatutawafundisha, ametamka neno moja lenye herufi 16. Ndani yake mna sisi, mna wao, mna wakati ujao, mna kukana, na mna tendo la kufundisha. Kiingereza nacho huunganisha vipande, ila vingi katika hivyo kilivikopa kwa Kilatini na Kiyunani.

Kamusi huyapanga maneno kwa herufi, na kwa hiyo maneno yenye mwanzo mmoja hukaa pamoja kama ndugu katika mji mmoja. Ukimjua mkubwa wao, umeujua ukoo. Tazama circum, ambalo kwa Kilatini ni kuzunguka. Katika hesabu, circumference ni mstari unaozunguka duara. Na circumnavigation, lenye herufi 16 kama lile neno la Kiswahili, ni kuizunguka dunia kwa chombo cha baharini. Tazama tena tele, ambalo kwa Kiyunani ni mbali. Telescope ni darubini ya kuonea mbali, telephone ni simu ya kupelekea sauti mbali, na telegraph ni simu ya kupelekea maandishi mbali. Mkia wa neno hili la mwisho, graph, ni kuandika. Ndio huo uliomo katika photograph, maana photo ni nuru. Basi picha ni kitu kilichoandikwa na nuru.

Hata mnyama kiboko ana neno refu, hippopotamus. Wayunani waliunganisha hippos, farasi, na potamos, mto, wakamwita farasi wa mtoni. Incomprehensibility lina herufi 19. In ni kukana, comprehend ni kufahamu, na vipande vya mwisho vyaonyesha kuwezekana na hali. Kwa hiyo maana yake ni hali ya kutoweza kufahamika. Liko na neno moja la herufi 28 ambalo watu hupenda kujipima nalo ulimi, yaani antidisestablishmentarianism. Anti ni kupinga, dis ni kuondoa, na establishment hapa ni cheo cha Kanisa la Uingereza kuwa kanisa la dola. Neno zima ni msimamo wa watu waliopinga kanisa lile lisiondolewe cheo hicho.

Lakini ajihadhari mwanafunzi, kwa maana si wote wafananao ni ndugu. Antiseptic ni dawa ya kuzuia uozo, na antipathy ni chuki. Yote mawili ni ya ukoo wa anti, kupinga. Antique laanza na herufi zile zile, lakini halina kupinga ndani yake. Lilitoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kale, nalo lataja kitu cha zamani. Atawezaje mtu kujua ni lipi la ukoo na ni lipi mgeni? Kwa kufuata habari za neno nyuma mpaka chimbuko lake. Hii ndiyo sababu Bwana Murray hakukubali kuvitupa vile vikaratasi ili aende mbio.

6. Msaidizi wa Broadmoor

Katika watu walioleta vikaratasi vingi na vizuri kuliko wengine alikuwamo Daktari W. C. Minor. Barua zake zilitoka mahali paitwapo Broadmoor. Baadaye Bwana Murray alijua habari zake. Minor alikuwa Mmarekani, daktari wa jeshi, ambaye akili zake ziliharibika. Mwaka 1872 alimwua mtu asiye na hatia katika njia za London, kwa kudhani kwamba ni adui, naye akafungwa katika hospitali ya wenye wazimu. Humo chumbani alisoma vitabu vya kale, akayaandika maneno yake kwa mkono safi.

Bwana Murray hakumdharau. Alikwenda kumtembelea, wakazungumza habari za maneno kama marafiki, na urafiki huo ulidumu miaka mingi. Mwaka 1910 Minor, akiwa mzee na mgonjwa, aliruhusiwa kurudi Marekani. Kosa lake halikufutika, lakini kazi yake nzuri haikukataliwa.

7. Makosa ya Mtu Mwangalifu

Msomaji asidhani kwamba Bwana Murray hakukosa kamwe. Neno bondmaid, maana yake mjakazi, lilikwisha kutengenezwa, lakini vikaratasi vyake vilipotea. Herufi B ilipokwisha kupigwa chapa mwaka 1888, neno hilo halikuwamo. Liliingizwa katika kitabu cha nyongeza mwaka 1933, muda mrefu baada ya kufa kwake.

Neno appendicitis, ugonjwa wa kidole tumbo, lilikuwa geni wakati ule, nalo lilionekana kuwa neno la waganga peke yao. Kwa hiyo likaachwa. Mwaka 1902 Mfalme Edward wa Saba alishikwa na ugonjwa huo huo siku chache kabla ya kutawazwa, na sherehe zikaahirishwa. Neno likawa katika midomo ya watu wote, lakini walioifunua kamusi hawakuliona.

Jingine ni neno African. Bwana Murray aliliacha, kwa kuwa aliona kwamba maneno yaliyotokana na majina ya nchi si kazi ya kamusi. Miezi ilipita, akafika kwenye neno American. Hapo akaona kwamba yako maneno mengine yaliyozaliwa nalo, wala hayawezi kuelezwa bila lenyewe. Akaliingiza. Ndipo ilipoulizwa, kama American limeingia, kwa nini African limekaa nje? Lakini kurasa zake zilikwisha kupigwa chapa. Bwana Murray hakulificha jambo hili. Alilieleza wazi katika dibaji ya kamusi, akakiri kwamba labda alishika kanuni yake kwa ukali kupita kiasi. Mtu mwingine angalinyamaza, akatumaini kwamba hakuna atakayetambua.

8. Mwisho wa Kazi

Miaka ikaenda. Wataalamu wengine waliwekwa kusimamia herufi nyingine, kwanza Henry Bradley, kisha William Craigie, kisha Charles Onions. Binti zake wawili, Elsie na Rosfrith, walifanya kazi pamoja naye. Mwaka 1908 mfalme alimpa cheo, akaitwa Sir James Murray. Mwaka 1914 Chuo Kikuu cha Oxford kilimpa shahada ya heshima, baada ya yeye kuifanyia kazi kamusi yao kwa muda wa miaka 35. Mtoto aliyeacha shule kwa kukosa ada akahesabiwa miongoni mwa wenye elimu kuu.

Alitumaini kuimaliza kamusi siku atakapotimiza miaka 80, yaani mwaka 1917. Hakupewa siku hizo. Ugonjwa wa kifua ulimshika, naye akafa tarehe 26 Julai mwaka 1915, akiwa karibu na mwisho wa herufi T. Katika kamusi nzima, karibu nusu ni kazi ya mkono wake.

Wenzake hawakuiacha. Kamusi ilitimia mwaka 1928, miaka 49 baada ya Bwana Murray kutia sahihi mapatano yale ya miaka 10. Ilikuwa na vitabu 10 vikubwa na maneno zaidi ya 400,000. Wala haikukoma hapo. Chapa ya pili ya mwaka 1989 ina vitabu 20, na kazi ingali ikiendelea, maana lugha haisimami. Neno African limekwisha pata mahali pake, na pamoja nalo yako mageni yaliyotoka kwa Waswahili, kama safari na ugali.

Haba na haba hujaza kibaba. Neno refu ni vipande vilivyoungana, na kamusi ile ilikuwa mamilioni ya vikaratasi. James Murray aliinua kikaratasi kimoja, akakisoma kwa uangalifu, akakiweka mahali pake, kisha akainua cha pili. Hivyo ndivyo alivyofanya mpaka siku zake za mwisho.